Msimu wa salfa umewadia na mke wangu ni mjamzito: nimwondoe shambani?

Mkulima wa Tandahimba: Wanajukwaa, naomba ushauri. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, nasi tunaishi katikati ya mikorosho ambayo sasa inapuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na jiko letu la kuni limo katika chumba kisicho na dirisha. Mama yangu hahofii salfa wala moshi. Anachomkataza mkwewe ni kutazama mapiko, vinyago vya ngoma ya Wamakonde, asije akazaa mtoto mwenye sura hiyo. Ningeweza kumpeleka kwa dada yake Mtwara mjini, lakini mwenyewe hataki. Nifanyeje?

Muuguzi, Lindi: Kaka, mimi ningeanza na moshi, kwa sababu anauvuta kila siku ilhali salfa ni ya msimu. Moshi wa kuni una kaboni monoksidi, ambayo hukaa katika damu mahali pa oksijeni, hivyo oksijeni inayomfikia mtoto kupitia kondo la nyuma hupungua, na mtoto huweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Hamishia mafiga nje. Salfa huwasha macho na kifua, kwa hiyo siku za kupulizia asiwepo shambani. Viuatilifu vya wadudu ni hatari zaidi, na nguo ulizovaa ukipulizia asizifue yeye. Je, ameanza kumeza SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, kliniki? Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma hata mama asipokuwa na homa, na kwa mimba ya umri huo muda wa kuanza umefika.

Mwalimu, Masasi: Msisahau chakula, maana fedha za korosho haziji kabla ya Oktoba. Uholanzi ilikumbwa na njaa mwaka 1944 hadi 1945, na waliokuwa tumboni wakati ule walionekana ukubwani kuugua kisukari zaidi. Mbaazi, dagaa na mboga za majani zisikosekane.

Bibi wa Mikindani: Mwanangu, usimbishie mama yako mbele ya watu. Kinyago hakiumbi sura ya mtoto, lakini hofu na huzuni za muda mrefu huongeza katika damu ya mama homoni ya kotisoli, na sehemu yake humfikia mtoto. Kwa hiyo usimhamishe mkeo kwa nguvu.

Mkulima wa Tandahimba: Nawashukuru sana. SP bado hajapewa; kesho tunakwenda kliniki pamoja. Mafiga nimeyatoa jioni hii, na mama ndiye aliyechagua mahali pa kuyaweka.