Majitu ya zamani ya sinema: tuanze na Kong, Godzilla au mifupa ya Harryhausen?

BabaShani
Wadau, salaam. Wapwa zangu wanakuja likizo, mkubwa ana miaka 12. Hao wamezoea majitu ya kompyuta tu. Nataka waone ya enzi zile, yaliyotengenezwa kwa mikono. Nimebakiwa na King Kong (1933), The Beast from 20,000 Fathoms (1953), Godzilla ya kwanza (1954) na Jason and the Argonauts (1963), yenye ile mifupa ya Ray Harryhausen, mchezesha sanamu. Nikikosea ya kwanza, hawatakaa kuangalia ya pili. Ipi?

FundiSanamu
Kong. Yule gorila anayepigana na ndege juu ya Empire State Building alikuwa sanamu ya sentimita 45 hivi. Ndani kiunzi cha chuma chenye viungo, juu yake mpira na pamba, halafu manyoya ya sungura. Marcel Delgado alimuunda, Willis O'Brien akamchezesha: sogeza mkono kidogo, piga picha, sogeza tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Waambie wapwa wayaangalie manyoya yake. Yanachezacheza kama kuna upepo, kumbe ni vidole vya waliokuwa wakimshika kati ya picha na picha. Kuna wanaoita dosari. Mimi ndipo ninapompendea.
Halafu subiri pale anapomuua yule mjusi mkubwa. Analishika taya lililovunjika, analifungua na kulifunga kuhakikisha kama kweli amekufa. Hadithi ingekwenda bila hilo, ila hapo ndipo sanamu inapopata akili.

NyaniMzee_Goma
Sawa, lakini gorila na kile kisiwa anakotolewa Kong, cha Bahari ya Hindi upande wa Sumatra, wapi na wapi? Gorila wako huku Virunga na kule Bwindi, na chakula chao ni majani. Yule wa filamu anatafuna watu! Pia BabaShani ujiandae: wenyeji wa kile kisiwa wameonyeshwa kwa dharau ya miaka ile. Watoto watauliza.

Mama Zawadi
Mimi niko na Godzilla. Ni mtu ndani ya vazi, ndiyo, Haruo Nakajima, na vazi lenyewe lilikuwa zito la kutesa. Eiji Tsuburaya, bwana wa vituko vya kamera pale kampuni ya filamu ya Toho, alikuwa mpenzi mkubwa wa Kong na angependa kutumia sanamu hivyohivyo, ila muda haukumruhusu. Basi wakajenga Tokyo ndogo na kuipiga picha filamu ikikimbia kwa kasi ndani ya kamera, ili filamu ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida jitu lionekane zito na majengo yaanguke polepole. Kong huyo wenu hana uzito, anarukaruka.

FundiSanamu
Anarukaruka kwa sababu kila picha inapigwa sanamu ikiwa imetulia tuli. Mtu akikimbia mbele ya kamera anaacha ukungu kidogo kwenye picha, sanamu haiachi. Jicho linaona mshtuko. Hilo nakupa, Mama Zawadi.

Mama Zawadi
Asante. Ila BabaShani, ile ya 1954 si ya kuchekesha. Ilitoka mwaka uleule wavuvi wa Kijapani walipoangukiwa na majivu ya bomu la nyuklia la Marekani huko visiwa vya Bikini, Pasifiki, na filamu inalibeba hilo. Kuna mama anawakumbatia wanawe akiwaambia watamfuata baba yao. Tena ni Kijapani, kusoma maandishi chini. Kwa mdogo wao ni mtihani.

Sohar_Znz
Mnaisahau ya Sindbad! The 7th Voyage of Sinbad (1958), ya rangi, sanamu za Ray Harryhausen, yule wa Jason na Beast. Huku Oman watu wa Sohar wanasema Sindbad ni wao, basi siwezi kunyamaza. Lile jitu la jicho moja lenye miguu ya mbuzi bado linanitisha.

kaka_reli
Naenda na Jason, tena kwa hoja ya FundiSanamu mwenyewe. Kama mwendo wa sanamu ni wa kushtukashtuka, mpe kiumbe asiyetakiwa kutembea kama nyama na damu. Talos ni jitu la shaba, akigeuza shingo unahisi chuma kinakwaruzana. Na ile mifupa saba inayopigana kwa panga mwishoni, ulaini ungeiharibu. Harryhausen alitumia zaidi ya miezi minne kwa pambano la dakika chache, kila upanga ukutane na wa mwigizaji aliyekuwa amepigwa picha zamani akipigana na hewa. Beast nzuri, ila mjusi unamsubiri mno.

NyaniMzee_Goma
Huyo Harryhausen ndiye aliyemtengeneza pweza wa mikono sita mwaka 1955, akachomoza kwenye daraja la San Francisco. Bajeti ilikuwa ndogo, miwili ikakatwa 😂

BabaShani
Kaka_reli umenimaliza. Jumamosi Jason, wakiomba nyingine Kong, na NyaniMzee atanisaidia majibu. Godzilla nitaangalia na yule mkubwa peke yake. Mwenye nakala safi ya Sindbad aniandikie pembeni.