Timu nzima inashuti pointi tatu, hakuna anayeingia ndani

gadi_wa_ntinda
Wadau habari za jioni, nisaidieni kabla sijatupa huu mpira mtaroni. Tuna katimu ka basketi ka mtaani hapa Kampala, vijana kumi na mbili, na hakuna hata mmoja anayetaka kushambulia ringi. Mpira ukivuka nusu ya uwanja unazungushwa huko nje kama sinia ya karanga msibani, kila mtu anagusa anapitisha, sekunde zikiisha mtu anarusha tu Mungu saidia. Jumamosi tumepigwa 61-44 na mechi nzima tumepata mitupo huru minne. MINNE banange. Mtu anafundishwaje kuingia?

mzee_wa_benchi
Ssebo, hiyo minne ndiyo ugonjwa wenyewe. Wapinzani wakimaliza faulo nne kwenye robo, kuanzia ya tano mnapewa mitupo miwili hata kama mtu hakuwa anashuti. Sasa nyie mko mita 6.75 huko kwenye mstari wa pointi tatu, nani atahangaika kuwafaulu? Senta wao, yule mrefu wa kulinda ringi, kamaliza mechi na faulo moja, nguo haijalowa jasho.

KigaliTulikuwepo
Tangu Ish Wainright achezee Silverbacks, timu yetu ya taifa, 2021, mwaka ule tuliopiga Nigeria kwenye AfroBasket kule Kigali tukafika robo fainali, kisha akachukuliwa na Phoenix Suns, kila mwenye mabega hapa mjini anajiita mshutaji 😂

magoti_ya_simenti
Msiwalaumu sana vijana. Sisi tumekulia kwenye simenti, ukidraivu, yaani ukiingia na mpira hadi ringini, ukasukumwa hewani ngozi ya goti inabaki pale pale chini na refa wa mtaani asipoona damu hapulizi. Miaka miwili ya hivyo mtu anajifunza mwenyewe kukaa nje. Mimi nilipona kwa godoro, kochi wetu alikuwa anasimama chini ya ringi na kipande cha sponji kuukuu, kila ukiruka kuweka mpira ringini kwa karibu, layapu, anakubamiza nacho ubavuni, mwanzo unakosa zote, baada ya wiki kadhaa unazoea kumaliza huku unagongwa. Na mazoezini futeni pointi tatu kabisa, kikapu cha ndani mbili, ukifauliwa moja.

dada_pointi
Sponji sawa ila mimi nauliza kingine, senta wenu anasimama wapi mkishambulia?

gadi_wa_ntinda
Chini ya ringi, mkono juu, anaomba mpira.

dada_pointi
Nilijua. Kaka, huyo anamvuta mtu wake anakuja kusimama naye palepale, kwa hiyo gadi wako akimpita wa kwanza anakuta ukuta wa watu wawili na mmoja ni wa kwenu. Hata mimi ningerudisha mpira nje. Mtoe aje juu aweke skrini, asimame amzibie njia anayemkaba gadi wako, halafu ndo akimbilie ringi, au mpeleke kona kabisa. Njia ikiwa wazi utashangaa hao waoga wanaingia wenyewe.

magoti_ya_simenti
Hapo dada umeua. Godoro bado nalitetea lakini.

gadi_wa_ntinda
Asanteni sana. Alhamisi tunaanza, sponji nimeshaipata kwa fundi wa makochi. Shida sasa ni huyo senta namwambiaje ahame, maana ndiye anayelipia uwanja na mipira yote miwili ni yake.

mzee_wa_benchi
Aaah. Basi mwacheni asimame.

dada_pointi
😂😂 mwambie kwenye kona kuna kivuli