Wa kwanza kwenye familia kufika chuo: maandalizi yaanze lini?

Mwalimu wa Malezi
Wakuu, wanafunzi wetu wengi wa kidato cha tano na sita wazazi wao waliishia darasa la saba, nyumbani hakuna anayejua habari za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayosimamia udahili) wala Bodi ya Mikopo. Matokeo yakitoka, wameshatawanyika vijijini. Tuwasaidieje?

Mzee wa Makaratasi
Anzeni kidato cha tano, na cheti cha kuzaliwa kiwe cha kwanza. Bodi inataka kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA); kwa yatima, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Linganisheni majina herufi kwa herufi na ya cheti cha kidato cha nne. Mohamed na Muhammad, kwa mfumo, ni watu wawili. Tofauti ikionekana mapema, hati ya kubadili jina inapatikana. Ikionekana dirisha la maombi likikaribia kufungwa, mtoto anakosa. Wa kaya za TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) watunze namba ya kaya.

Wengi hukwama kwenye saini. Fomu ya mkopo huchapwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, kisha kurasa hizo zinapakiwa tena mtandaoni. Mtu amelipa, amejaza, anadhani amemaliza, kumbe kurasa za saini hazimo.

Dada Udahili
Mwalimu, kila mmoja awe na laini na barua pepe yake mwenyewe. Wa steshenari wanaowajazia maombi wanaweka za kwao, halafu ujumbe wa kuthibitisha chuo unaingia kwa mtu mwingine. Aliyechaguliwa vyuo viwili asipothibitisha kimoja, nafasi inaweza kupotea. Waliorudia mtihani watumie namba ileile ya kidato cha nne kwenye udahili na kwenye mkopo.

Mwalimu wa Malezi
Asanteni sana. Na wasiofikisha pointi 4 kwenye masomo mawili, kiwango cha kuingia shahada?

Mzee wa Makaratasi
Stashahada, kupitia vyuo vilivyosajiliwa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi). Si njia ya walioshindwa, mwalimu, waambieni hivyo wazi: akimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaweza kuomba shahada, na tangu 2023/24 Bodi inakopesha baadhi ya kozi za stashahada.

Dada Udahili
Jambo moja familia haziambiwi: boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, haimsubiri mtoto getini. Hutoka baada ya kusajiliwa na kusaini, na mkopo wenyewe unaweza usifunike ada yote. Nauli, godoro, chumba na chakula cha wiki za mwanzo vinatoka nyumbani. Iteni wazazi wakati wa mavuno, kabla mahindi hayajauzwa yote.