Nimekata tiketi ya Guangzhou kumbe ni mwaka mpya wa Kichina, kuna cha kufurahia kweli?

binti_wa_mchikichini:
Wadau za saa hizi. Mwenzenu nimejichanganya. Nimepata tiketi ya bei chee, nafika Guangzhou tarehe 3 Februari 2027 narudi tarehe 15, nikaenda kujitapa kwenye grupu letu la wafanyabiashara, dada mmoja akaniuliza hivi umeangalia kalenda ya Wachina wewe? Kumbe mwaka mpya wao unaangukia tarehe 6, Jumamosi, na masoko yote ninayoyategemea ya mabegi na vipodozi yanakuwa yamefungwa, viwandani ndo usiseme. Tiketi hairudishwi. Nimelia nimenyamaza.

Sasa nimesema potelea mbali, mzigo nitaangalia hizo siku mbili za mwisho, katikati hapo na mimi niwe mtalii maana miaka yote China yangu mimi ni Xiaobei, ule mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapo Guangzhou, hotelini, stoo ya kago, uwanja wa ndege. Mgeni asiye na ndugu Mchina anaona nini hasa? Mimi Muislamu na Ramadhani inatarajiwa siku mbili tatu baada ya hapo, so na msosi nisaidieni. Halafu nasikia kuna mambo ya bahasha nyekundu, nisije nikaaibika.

mzee_wa_kago:
Lipa faini badilisha tarehe. Mji unakuwa umekufa, nimewahi kukaa siku nne nakula noodles za kuchemsha kwenye birika la hoteli.

mama_naima:
Mzee wa kago usimtishe mtoto wa watu, wewe ulifika mkesha usiku ukategemea nini.

Mdogo wangu nimekaa Guangzhou miaka sita na hiyo tarehe yako 3 ni bahati hujui tu. Kitu ambacho wageni wengi hawaelewi ni kwamba mwaka mpya wa Wachina ni sikukuu ya nyumbani, watu wanarudi kijijini kwa wazazi, wale vijana wote unaowaona madukani na mageti ya hoteli si wa pale, wanaanza kuondoka wiki mbili tatu kabla, na jioni ya mkesha kila mtu yuko mezani kwao. Kwa hiyo ukingojea siku yenyewe ndio uone sherehe utaona mageti yamebandikwa karatasi nyekundu na paka. Utamu kwa mgeni uko KABLA, zile siku tatu za mwisho, na wewe ndo unatua hapo hapo.

Watu wa Guangzhou wana kitu chao, soko la maua. Barabara nzima inafungwa magari, wanajenga vibanda vya mianzi, familia zinatoka kutembea tu mtaa wa maua, ndivyo wanavyoita wenyewe, kutembea mtaa wa maua. La zamani na maarufu liko barabara ya Xihu, panda metro shuka Gongyuanqian, fuata umati. Nenda usiku. Utakuta matawi ya mpichi marefu kuliko wewe, mtu kalibeba begani kama mwanamke aliyetoka kuni, yana maua ya rangi ya waridi hayana hata jani moja. Miti ya vichungwa vidogo kwenye vyungu, kila duka na kila benki lazima iwe nayo miwili mlangoni kwa sababu jina lake kwa Kikantoni linafanana na neno la bahati. Na kuna tunda moja nilicheka mpaka nikakaa chini, la njano, limeota vichuchu kwa chini kama kiwele cha ng'ombe, wanayapanga juu kwa juu kama mnara hivi, ni ukoo mmoja na tunguja zetu za porini kwa hiyo usije ukauma. Vichuchu vitano wanasema ndio vizazi vitano chini ya paa moja.

Nunua kile kifeni cha plastiki cha watoto kinachozunguka na upepo. Unashika mkononi unatembea nacho, hata wazee wanashika, eti kinageuza bahati. Na usiku wa mwisho kabisa usiondoke mapema maana muuza maua hawezi kurudi na mzigo nyumbani, kesho hakuna atakayenunua, basi bei zinaporomoka kama nyanya za Ilala saa moja jioni.

Sweta beba. Si baridi ya theluji lakini kuna manyunyu na vyumba vingi vya huku kusini havina hita, unalala unatetemeka ndani kuliko nje.

binti_wa_mchikichini:
Mama Naima Mungu akubariki, nimeanza kufurahi sasa 😂 kiwele cha ng'ombe jamani. Na bahasha?

mama_naima:
Bahasha ndo nililipokea somo mie. Kwa Wakantoni sheria ni ndogo tu, aliyeolewa au kuoa anatoa, asiye na ndoa anapokea, hata kama ana miaka arobaini. Mwaka wangu wa kwanza mlinzi wa jengo letu aliniuliza kwa ishara una mume? Nikajitanua, ndiyo ninaye, na watoto wawili! Kesho yake nashuka na lifti nawakuta watatu wamesimama wananitazama wanatabasamu, gong hei faat choi, gong hei faat choi, ndio salamu yao ya mwaka mpya, hawaondoki. Nikaelewa. Nikapanda juu mbio, bahasha sina, nikachukua zile nyeupe za benki nikatia noti mbili za ishirini ishirini kila moja nikashuka najiona mkarimu. Yule mzee aliipokea kwa mikono miwili halafu uso ukamwanguka. Bahasha nyeupe ni ya msibani, na arobaini ina nne ndani yake na nne kwao inatamkika karibu sawa na kifo. Yaani niliwapa rambirambi yao wenyewe asubuhi ya sikukuu. Mke wa jirani ndo alinishika mkono akanipeleka kununua nyekundu, nikarudi kuomba radhi, tukacheka wote.

Kwa hiyo nunua pakiti ya nyekundu, zimejaa kila kona wakati huo. Huku Guangdong hawatoi hela kubwa, yuan 5 au 10 inatosha kabisa kwa mlinzi na dada wa usafi, ni baraka si mshahara. Noti ziwe mpya. Ukipewa pokea kwa mikono miwili na usifungue mbele yake.

Kama hujaolewa sema ukweli dadangu, utavuna 🤣

otieno_wa_masomo:
Mimi nilisoma Beijing, huko ni tofauti kidogo so kama mtu ako na siku za ziada anaweza kuchagua. Beijing baridi ni ya kuua, chini ya sifuri, lakini kuna zile fea za hekaluni, kama ile ya Ditan Park, inaanza wakati wa sikukuu yenyewe si kabla. Umati bana, unasukumwa tu kama uko Gikomba. Unakula yale matunda mekundu madogo machachu yamechomekwa kwa kijiti yakapakwa sukari ikagandia, ukiuma inavunjika kama kioo, na huko mkesha wanakula dumplings si kama kusini.

Lakini msiote kusafiri kati ya miji siku hizo kama haujabuk. Treni tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla na zinaisha mara moja, kwa nchi nzima watu wanasongana karibu siku 40, kabla na baada. Nilijaribu mwaka mmoja nikapata ya kusimama, masaa tisa, nimekalia ndoo ya plastiki ya mzee fulani ambaye alinipea machungwa njia yote. Wewe dada tulia Guangzhou. Na weka Alipay, ile app ya kulipia kwa simu, kabla utoke nyumbani uunganishe kadi yako ya benki, muuza maua hataki kusumbuliwa na chenji.

abuu_salha:
Kuhusu msosi na msikiti. Mkesha, tarehe 5, ni Ijumaa, so swali pale msikiti wa Huaisheng, ule wenye mnara mweupe wa mviringo wa mita 36 hivi, ni mmoja wa misikiti ya zamani kabisa China na kutoka hapo mpaka soko la maua la Xihu unatembea kwa miguu. Au ule wa jirani na Yuexiu Park, kwenye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, Ijumaa za kawaida hapo nje Waislamu wa huko kaskazini magharibi wanauza mishikaki na mikate ya tanuri unaweza kusahau njia ya kurudi.

Tafuta maandishi 清真, yaani chakula halali, jifunze kuyatambua kwa macho kabla hujapanda ndege. Maduka ya tambi za kuvuta kwa mkono mengi ni ya ndugu zetu lakini na wao baadhi wanafunga, so nunua tende na mikate ya akiba ya siku mbili. Na angalieni vyakula vya sikukuu vinavyoonekana havina hatia. Ile keki nyeupe ya figili ya kukaanga, nzuri sana kwa macho, ndani wanatia vipande vya soseji kavu ya nguruwe. Vile visambusa vitamu vya karanga vingi vinakaangwa au kukandwa na mafuta ya nguruwe. Uliza, hawakasiriki.

mama_naima:
Abuu umesema kweli tupu. Naongeza moja tu, siku za kufungua maduka usizikose. Wengi wanachagua siku ya nane, yaani tarehe 13, maana nane ni namba ya utajiri. Wanaita simba, vijana wawili ndani ya vazi moja, ngoma na matoazi masikio yanaziba, mlangoni wametundika saladi mbichi na bahasha nyekundu ndani yake, simba anaruka anaila, anatafuna, halafu anatemea majani watu wote mliosimama. Ukirukiwa na jani ni bahati, usijifute. Bosi anagawa bahasha kwa wafanyakazi wake wa dukani. Nenda kwa saplaya wako siku hiyo hata kama hununui, na pipi za sikukuu mkononi. Mimi yule wa mabegi tangu nilipomtembelea siku ya kufungua ananitunzia mzigo mwezi mzima bila kulipia stoo.

mzee_wa_kago:
Haya mimi niliyekula noodles nimenyamaza. Hiyo ya simba sijawahi kuiona na nimeenda mara kumi na moja.

binti_wa_mchikichini:
Mzee njoo basi tarehe 13 nikuoneshe 😂. Swali la mwisho mama Naima, hilo tunda la kiwele linaingia kwenye begi nikirudi? Nataka mama mkwe alione.

mama_naima:
Mimea mibichi airport watakunyang'anya. Piga picha. Mama mkwe mpelekee kifeni.

otieno_wa_masomo:
Ngoja, mama mkwe? Kumbe ako na bwana. Dada tafuta bahasha nyekundu mapema, walinzi wanakungoja kwa lifti.