Jopo limekataa njia yangu ya utafiti, nibadilishe ama nishikilie? Naombeni ushauri

Mwanafunzi_Nai: Wadau habari zenu. Nafanya masta ya afya ya jamii na nimekwama. Nataka kujua kwa nini wajawazito wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, wanaanza kliniki wakiwa wamechelewa, halafu nitengeneze mradi wa kuwasaidia. Nilichagua utafiti wa kimaelezo, unauliza watu na unaandika walichosema kwa maneno yao wenyewe, sasa jopo linasema hauna nadharia, ati ni stori za mtaani. Silali jamani.

Nesi_wa_Zamani: Shikilia. Sandelowski, mtafiti wa uuguzi, aliitetea hiyo njia kwa makala yake ya 2000. Kwa mtu anataka kujenga huduma ndiyo inafaa, inakwambia nani anakwama wapi bila kuzunguka. Hoji kina mama wa kila aina, wa mimba ya kwanza, wa mtoto wa tano, wa kampuni za Inda (Industrial Area), wa kufulia watu South B.

Baba_Tatu: Wanawake wa siku hizi ni uzembe tu. Mama yangu alitembea hadi zahanati kila mwezi na mtoto mgongoni.

Shosh_Mdogo: Baba Tatu wewe umebeba mimba ngapi? Ya kwanza nilienda miezi sita. Ukikosa siku moja ya kufua mwenye nyumba anaita mwingine, na kliniki unapanga laini asubuhi unatoka saa nane. Linda Mama, ule mpango wa serikali wa wajawazito, ililipa kliniki, kibarua hakuna mtu alinirudishia.

Nesi_wa_Zamani: Mwanafunzi, huo mradi ni upi?

Mwanafunzi_Nai: Meseji za kukumbusha tarehe. Kuna wenye walisema simu hukaa na mzee, yaani bwana, lakini si wote.

Nesi_wa_Zamani: Kumbe ushahoji? Na meseji ni nani aliitisha?

Mwanafunzi_Nai: Sawa. Fundi wa mfumo wa meseji nilimlipa nusu kabla ya intavyu, pesa ya mfadhili ilikuwa na tarehe. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, niko nacho. Na meseji za kila wiki zilisaidia watu wa ARV hapa Kenya, ilitoka kwa jarida la tiba la Lancet 2010, kwa hivyo sioni shida nikianza na wale walisema wanazitaka.

Jicho_Kali: Huu uzi ni wa kutunga. Asubuhi mwanafunzi hajalala, jioni ana mfadhili na fundi. Hii ni kampuni inatafuta maoni ya bure.

Baba_Tatu: Nilijua! Admini funga.

Shosh_Mdogo: Atunge asitunge, kibarua nilikosa mimi.

Mwanafunzi_Nai: Sijatunga. Na fundi siwezi kumrudisha nyuma.

Nesi_wa_Zamani: Wa ARV walichaguliwa wakiwa na simu ya kufikia, baadhi ya kina mama wako wamekwambia hawana. Ukiwaficha hao hiyo si maelezo tena. Kabla ulipe nusu ya pili rudi uwaulize nani husoma meseji kwa hiyo nyumba, kwa sababu kama mzee hajaambiwa mimba, wewe ndiye utakuwa umemwambia.