Nimeanza kozi 9 za bure mtandaoni, sijamaliza hata moja. Nakosea wapi?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, salaam. Mimi ni mlinzi wa usiku, umri miaka 46, shule niliiacha mapema. Kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja alfajiri getini hapiti mtu, na simu ninayo. Mwaka jana niliona badala ya kuangalia marudio ya mpira nijisomee mambo yanayonikera siku zote: kwa nini huyu ana maji na yule hana, kura inahesabika vipi hadi ikawa serikali, na hii hali ya hewa iliyovurugika ni deni la nani.

Nikajiandikisha OpenLearn ya Open University ya Uingereza, nikahamia Coursera, nikaingia edX, zote tovuti za kozi. Tabianchi, haki za binadamu, demokrasia, pengo la matajiri na maskini, zote nimezionja. Jana nimehesabu: nimeanza 9, nimemaliza 0. Wiki ya kwanza naandika daftarini kwa bidii. Ya pili nasikiliza tu. Ya tatu nasinzia profesa bado anaongea. Na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, video ya dakika kumi nainywa saa nzima.

Kinachoniuma, kijana wangu aliniuliza, "Baba, mpaka sasa umejua nini?" Nikamtajia maneno mapya matano, yakaishia hapo. Niambieni ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mpiga_Debe:
Mkuu, bila cheti unajichosha. Vyeti vyenyewe mara nyingi wanataka hela. Lala.

Bi_Daftari:
Mpiga_Debe, kaka hakuuliza habari za cheti. (Na OpenLearn ukimaliza wanakupa hati ya ushiriki bila malipo, ila si shahada, tusidanganyane.)

Kaka mlinzi, mimi nimestaafu ualimu na sijamaliza kozi hata moja miaka mitatu hii. Wala sioni haya. Walio wengi wanaojiandikisha kozi hizi hawafiki mwisho. Kosa lako naliona kwingine: umeshika mada, hukushika swali. "Tabianchi" ni bahari, utaogelea hadi uzame. Swali ni kamba.

Nikupe langu. Katika kozi moja ya mazingira nilikutana na hoja ya mwanaikolojia Garrett Hardin ya mwaka 1968. Malisho ni ya wote, kila mfugaji anaona faida kuongeza ng'ombe mmoja, hasara wanagawana wote, mwisho nyasi zinakwisha. Kwa hiyo ardhi ipewe mwenyewe au serikali iisimamie kwa nguvu. Nilikubali kabisa, hata nikawa nawahubiria watu. Miezi baadaye, kwenye kozi nyingine ya siasa, nikamkuta Elinor Ostrom, mtafiti wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009. Yeye alichambua habari za watu halisi wanaotumia kitu kwa pamoja. Kuna kijiji cha Uswisi, Törbel, ambacho tangu 1517 kina sheria kwamba hakuna kupeleka malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Basi! Idadi ya ng'ombe inajihesabu zizini kwako. Nilisimamisha video nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tangu siku hiyo swali langu ni moja: watu wanaogawana kitu wanazuianaje wasikimalize? Naingia kozi yoyote, nasoma wiki ya nne tu kama ndiyo inayonihusu, natoka. Baadaye hata nikagundua Hardin mwenyewe alikuja kukiri, miaka ya tisini, kwamba alipaswa kusema malisho *yasiyosimamiwa*. Hilo nisingelijua kama ningekuwa nakimbizana na kumaliza.

Kalamu_Nyekundu:
Naongeza la lugha. Usianze na video. Kozi nyingi za OpenLearn ni maandishi, unazipakua na kusoma bila intaneti. Zenye video fungua yale maandishi ya maneno yake, soma kwanza, weka alama unapokwama, ndipo usikilize. Halafu angalia kozi imetengenezwa na nani na nani amelipia. Simaanishi uikatae, ila kozi ya nishati iliyolipiwa na wauza mafuta nitaisoma na kalamu mkononi.

Zamu_ya_Usiku:
Nimerudi baada ya wiki tatu. Ng'ombe wa Törbel nimemsimulia kijana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hewa je? Zizi lake liko wapi?" Nimekwama. Nimesoma kwamba walipoanza kupima kule mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni, leo imepita 420. Kwa hiyo ng'ombe wanahesabika. Nani anawazuia?

Bi_Daftari:
Kijana wako nimpende bure! Linganisha mikataba miwili. Montreal ya 1987 ilitaja gesi zinazoharibu tabaka la ozoni na kupanga zipunguzwe kwa ratiba, na nchi zote zimeuridhia. Paris ya 2015, ule wa tabianchi, kila nchi inajipangia kiwango chake cha kupunguza gesi.

Zamu_ya_Usiku:
Yaani kila mwenye ng'ombe anajiamulia idadi? Na asipoitimiza?

Bi_Daftari:
Hapo hapo kaka. Adhabu hakuna, kuna kutoa taarifa tu mbele ya wenzake. Kama aibu peke yake inatosha, mimi bado nabishana na nafsi yangu. UN CC:Learn, mpango wa mafunzo wa Umoja wa Mataifa, wana kozi za bure za tabianchi, ruka utangulizi, nenda moja kwa moja panapoelezwa Paris. Ukishasoma njoo tubishane, na kijana mlete.