Jeni za ngano: kwanini kuongeza mavuno kunachukua miaka?

Mdadisi: Wakuu naomba mnieleweshe. Kama jeni inayohusika na ukubwa wa punje inajulikana, si waiguse hiyo tu mambo yaishe? Mbona wanahangaika miaka na miaka?

Suke: Mkuu ngano ya mkate ni ngumu kweli, ina kromosomu 42 na ndani yake kuna seti tatu kutoka kwa nyasi tatu tofauti, yaani karibu kila jeni ina nakala tatu. Chukua jeni inayoitwa GW2, hiyo ni breki ya ukubwa wa punje. Ukizima nakala moja tofauti ni ndogo, ukizima zote tatu ndo unaona kitu cha maana.

Bua fupi: Naongezea, punje zikinenepa mara nyingi idadi yake kwenye suke inapungua, unajikuta palepale. Kilicholeta mapinduzi ni ufupi wa bua. Jeni za ufupi, zinaitwa Rht, zilitoka kwenye mbegu ya Japani inaitwa Norin 10, mtafiti wa ngano Mmarekani Norman Borlaug akazichanganya na ngano za Meksiko, bua likawa fupi hata ukiweka mbolea nyingi mmea haulali na chakula kingi kinaenda kwenye punje. Nobel ya Amani ya 1970 alistahili kabisa yule mzee!

Mdadisi: Kwahiyo hiyo ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara?

Bua fupi: Hapana, ni kuchavusha kawaida. Siku hizi wanakata kipande cha jani la mche wanapima DNA, wanajua kama jeni wanayotaka imo kabla hata suke halijatoka, hapo ndo wanaokoa muda.